Laptopu kuukuu, waya mbili na Probox inayozima: Acha kubahatisha magonjwa ya gari

Hakuna taa ndogo inayokula pesa kama ile ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini kwenye dashibodi. Ikiwaka Jumatatu, kufikia Ijumaa umenunua spea tatu, umekosa kazi siku nne, na gari bado linazima katikati ya barabara huku matatu zikikupigia honi na makanga wakikutukana.

Mazungumzo huwa yale yale, kuanzia Kirinyaga Road hadi Kariobangi Light Industries.

"Boss, nimeskani. Inasema ni sensa ya krenki."

"Sasa?"

"Tubadilishe."

Sensa inabadilishwa. Gari linawaka, mwenyewe anashukuru, analipa. Siku mbili baadaye linazima tena.

"Boss, hizi sensa mpya za siku hizi ni feki. Tafuta ya mtumba, ile orijino."

Ya mtumba inatafutwa, inawekwa. Wiki moja, gari limezima tena. Sasa fundi anakuna kichwa, anatazama chini, anasema lile neno ambalo kila mwenye gari analiogopa: "Mkubwa, hapa naona ni kompyuta."

Tupige hesabu ya kinyozi tu. Tuseme sensa ya kwanza ni Sh4,000, ya pili Sh2,500, kazi Sh1,500 mara mbili. Hizo tayari ni Sh9,500, kabla ya kugusa hiyo kompyuta ya gari, na kabla ya kuhesabu siku ambazo gari halikubeba abiria wala mzigo. Kwa msee anayelipia gari mkopo kila wiki, hiyo ni noma. Na mara nyingi, ukija kuchunguza, kilichokuwa kibovu ni waya mmoja uliochubuka karibu na injini. Waya wa shilingi hamsini.

Simlaumu fundi peke yake. Kazi yenyewe imebadilika. Gari la leo lina waya nyingi kuliko studio ya muziki, lakini gereji nyingi bado zina spana, multimita na kifaa cha kuskani. Kinachokosekana ni jicho la kuona umeme unapotembea. Na habari njema ni kwamba jicho hilo linaweza kuwa ile laptopu kuukuu iliyo chini ya kitanda chako, ile ambayo betri yake hudumu dakika arubaini na herufi "E" imeng'oka.

MSIMBO SI UGONJWA

Tuanze na kile ambacho wengi wetu tunakijua. Magari karibu yote yanayoingia Kenya sasa yana soketi ya pini 16 chini ya usukani. Unachomeka kakifaa kadogo kama ELM327, unaunganisha na simu kwa Bluetooth, na apu inakupa msimbo. Mafundi huuita "kodi", na kweli, unailipia.

Msimbo P0335, kwa mfano, unahusu saketi ya sensa ya krenki. Soma tena: saketi. Haijasemwa kwamba sensa ni mbovu. Kompyuta ya gari inasema tu, "Nilitarajia habari kutoka upande ule, sikuzipata vizuri." Saketi ni sensa yenyewe, plagi yake, waya mbili zinazopita karibu na joto, meno ya gurudumu ambalo sensa inalisoma, na mlango wa kompyuta wenyewe. Yaani washukiwa watano, na sisi tunamkamata wa kwanza kwa sababu jina lake limetajwa.

Ni kama jirani kukuambia, "Nimesikia kelele kwenye ploti." Hajasema ni nani. Ukienda ukampiga mtu wa mlango wa kwanza, hiyo si upelelezi.

SALIO NA TAARIFA YA MIAMALA

Sasa fundi mwerevu atatoa multimita. Ni chombo kizuri, na hakuna anayepaswa kugusa umeme wa gari bila nacho. Lakini multimita hukupa namba moja, na namba hiyo ni wastani wa mambo mengi yaliyotokea haraka.

Fikiria M-Pesa yako. Multimita ni salio. Inakuambia una Sh312, basi. Osiloskopu ni ile taarifa ndefu ya miamala: pesa iliingia saa ngapi, ikatoka saa ngapi, nani alikata, na usiku wa Jumamosi ulikuwa wapi. Salio linaweza kuwa sawa huku kuna kitu kinakuibia kila usiku. Ni taarifa ndiyo itakayomtaja mwizi.

Osiloskopu huchora volti dhidi ya muda. Mstari unapanda, unashuka, na umbo lake ni habari. Waya ukikatika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, multimita haitajua. Kwenye skrini, utaona shimo.

Vyombo vya kitaalamu vya kazi hii vipo. Pico Technology ya Uingereza hutengeneza PicoScope za magari zinazochomekwa kwenye laptopu, na gereji kubwa duniani huzitumia. Ukinunua seti kamili ya magari, unazungumzia laki kadhaa. Kwa kijana aliyekodi kibanda cha mabati, hiyo ni hadithi ya peponi. Kwa hivyo tuanzie chini.

KILE KITU CHA KUREKODI PODIKASTI

Kama umewahi kurekodi podikasti, biti au hata sauti ya kuchekesha kwenye laptopu, basi umeshatumia osiloskopu bila kujua. Ile picha ya mawimbi unayoiona kwenye Audacity ni volti dhidi ya muda. Maiki hugeuza sauti kuwa umeme, kadi ya sauti hupima umeme huo mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na programu huuchora.

Kadi ya sauti haina habari kama umeme huo umetoka kwa msanii wa Kayole au kwa injini ya Probox. Ukiupunguza vizuri, itachora tu.

Audacity ni ya bure. Ipo pia programu inayoitwa Soundcard Oscilloscope, iliyoandikwa na Christian Zeitnitz, ambayo hukupa skrini yenye viboksi kama ya osiloskopu halisi. Kwa kuanza, mimi napenda Audacity kwa sababu inahifadhi. Unarekodi dakika mbili, unatikisa waya, kisha unarudi nyuma polepole kutafuta pahali wimbi lilipovunjika.

Lakini usichukue waya wa gari ukauchomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki. Tundu hilo limezoea volti ndogo sana, chini ya moja. Unahitaji kijisaketi cha kupunguza, na vipande vyake vyote vinapatikana Luthuli Avenue kwa bei ya chakula cha mchana:

- Kadi ya sauti ya USB, ile ndogo kama flashi yenye tundu la maiki na la spika. Ikiungua, umepoteza mia chache, si laptopu nzima.

- Rezista moja ya kiloomu 100 na nyingine ya kiloomu 4.7.

- Dayodi mbili za 1N4148.

- Kapasita mbili za mikrofaradi 1 zisizo na upande wa positivu, za volti 100.

- Waya wa maiki na klipu mbili, nyekundu na nyeusi.

Mpangilio ni huu. Klipu nyekundu inaingia kapasita ya kwanza, kisha rezista ya kiloomu 100. Mwisho wa rezista hiyo tuupe jina: njia panda. Kutoka njia panda, rezista ya kiloomu 4.7 inashuka hadi kwenye klipu nyeusi. Dayodi mbili nazo zinashuka vilevile, moja ikitazama juu, nyingine chini. Kapasita ya pili inatoka njia panda kwenda ncha ya pini ya maiki. Klipu nyeusi inaungana na mkia wa pini hiyo. Lehemu, funga kwenye kikopo kidogo cha plastiki, umemaliza.

Kila kipande kina kazi yake. Rezista zinapunguza volti. Dayodi ni mabaunsa mlangoni: volti ikizidi karibu nusu hivi pale njia panda, wanaishusha chini isifike ndani. Kapasita ya kwanza inazuia zile volti 12 za betri zilizosimama tu, inapitisha zile zinazobadilika. Ya pili inazuia umeme mdogo ambao tundu la maiki hutoa lenyewe kwa ajili ya maiki.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: kwenye mipangilio ya sauti ya laptopu, zima kila kitu kinachojiita kuboresha sauti au kuondoa kelele. Vinginevyo laptopu itajaribu kukurembea wimbi, na wimbi lililorembwa ni shahidi wa uongo.

PROBOX NA MENO YAKE 34

Turudi kwa yule mgonjwa wetu. Probox na Fielder nyingi zinazotembea hapa zina injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. Kwenye krenki ya injini hiyo kuna gurudumu lenye meno 34. Lilipangwa kama la meno 36, lakini mawili hayakuwekwa, na lile pengo ndilo linaloiambia kompyuta krenki iko wapi.

Sensa yake ni ya waya mbili. Ndani kuna sumaku na waya uliozungushwa. Kila jino likipita, sensa inajitengenezea umeme kidogo, unaopanda na kushuka. Haihitaji kupewa volti na mtu. Injini ikizunguka polepole, umeme ni mdogo. Ikiongeza kasi, umeme unaongezeka.

Sasa piga hesabu. Injini ikiwa imewashwa tu bila kukanyagwa mafuta, inazunguka kama mara 700 kwa dakika. Hiyo ni karibu mara 12 kwa sekunde. Ukizidisha na meno 34, unapata karibu meno 400 kwa sekunde. Kadi ya sauti inapima mara 48,000 kwa sekunde, kwa hivyo kila jino linapimwa zaidi ya mara mia. Hiyo ni picha safi kabisa. Kwa kweli, ukivaa spika za masikio utasikia sensa ikiimba, noti isiyo mbali na ile ya 440 ambayo wapiga gitaa hutumia kutuni.

Ushauri wa kwanza: usianze na gari lenye shida. Anza na zima. Zima gari, unganisha klipu nyeusi kwenye bodi, ya nyekundu kwenye waya mmoja wa sensa kwa kupenya nyuma ya plagi bila kuuchubua. Hakikisha waya ziko mbali na mkanda na feni. Washa gari, rekodi.

Utaona milima 34 ya kufanana, kisha pengo, kisha milima 34, pengo. Kama kitana kilichong'oka meno mawili. Hicho ndicho kipimo chako cha afya.

Sasa nenda kwa mgonjwa. Rekodi ikiwa baridi, kisha ikipata joto, kwa sababu magari mengi huzima yakishapata joto. Tikisa waya kwa mkono pole pole, sehemu moja baada ya nyingine, huku unarekodi. Na usome hivi:

Kama milima yote inatoweka ghafla unapogusa sehemu fulani kisha inarudi, shida ni waya au plagi, na umeshajua iko sentimita ngapi kutoka wapi. Sensa mpya isingesaidia.

Kama mlima mmoja ni mfupi, na unarudi pale pale kila mzunguko, tazama gurudumu. Jino limepinda au kuna uchafu wa chuma umeng'ang'ania. Sensa hailaumiwi kwa kuripoti ukweli.

Kama milima yote ni mifupi mno ukilinganisha na ile ya gari zima, kwa kasi ile ile ya injini, sasa ndiyo unaweza kuishuku sensa, au pengo kati yake na gurudumu, au plagi iliyoota kutu.

Na kama wimbi ni safi hata wakati gari linakohoa na kuzima, basi umempa sensa cheti cha tabia njema. Tafuta kwingine.

Ona tofauti. Badala ya kununua Sh4,000 kwa imani, unanunua baada ya ushahidi. Wakati mwingine hununui kitu kabisa.

ALTENETA INAYOIMBA KWENYE SPIKA

Kipimo cha pili kinachoifaa laptopu ni cha alteneta. Kama umepanda nganya yenye mziki mkubwa, huenda umeisikia ile sauti ya "wiiiiii" ndani ya spika, inayopanda dereva akikanyaga mafuta. Kuna wanaodhani ni amplifaya mbovu. Wakati mwingine ni waya wa athi uliolegea. Na wakati mwingine ni alteneta inayolia msaada.

Alteneta hutengeneza umeme unaokwenda na kurudi, kisha dayodi zilizo ndani, kwa kawaida sita, zinaunyoosha uwe wa njia moja wa kuchaji betri. Ukinyooshwa vizuri, unabaki na mikunjo midogo inayofanana, kama bati la paa. Dayodi moja ikifa, bati hilo linapata shimo refu linalojirudia.

Multimita inaweza kukuonyesha volti 13.8 au zaidi kwenye betri, ukadhani mambo ni shwari. Kwenye skrini, shimo litaonekana. Weka klipu nyekundu kwenye positivu ya betri, nyeusi kwenye negativu, washa gari, washa taa za mbele ili alteneta ifanye kazi, kisha rekodi. Ile kapasita ya kwanza itazuia volti 14 zilizosimama na kukuachia mikunjo peke yake.

Mwenye gari kama huyo huuziwa betri mpya. Miezi michache, betri mpya imechoka pia, anauziwa nyingine. Kumbe anayeua betri yumo ndani, analala pale pale.

USIIDAI LAPTOPU ISICHOWEZA

Hapa nitakuwa mkweli, kwa sababu video nyingi mtandaoni huishia kwenye shangwe.

Kadi ya sauti haioni vitu vilivyosimama. Volti 5 zisizobadilika kwake ni sawa na sifuri. Kwa hivyo sensa ya pedali ya mafuta, inayopanda taratibu ukikanyaga, haitaonekana vizuri. Sensa ya oksijeni kwenye eksosi, inayoyumba polepole kati ya karibu volti 0.1 na 0.9, pia itachorwa vibaya.

Sensa za waya tatu, zile zinazotoa wimbi la pembe nne, zitaonekana zimelegea na kuinama mabega. Usiihukumu sensa kwa hilo. Ni kapasita zinazoliinamisha wimbi.

Na mtandao wa CAN, ule ambao kompyuta za gari hutumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, usahau kabisa. Bosch walioutambulisha mwaka 1986 waliujenga uwe wa kasi. Katika magari mengi, mtandao mkuu huenda biti 500,000 kwa sekunde. Kati ya kipimo kimoja cha kadi ya sauti na kinachofuata, biti kama kumi zimeshapita. Ni kama kujaribu kuhesabu pikipiki za Thika Road kwa kufungua jicho mara moja kila saa.

Lakini hata hapo multimita ya kawaida inakusaidia. Zima gari, toa waya wa betri, pima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14 za ile soketi ya chini ya usukani. Katika magari mengi utapata karibu omu 60, kwa sababu kuna rezista mbili za omu 120 kwenye ncha mbili za mtandao. Ukipata 120, ncha moja haipo. Umepata mwanzo wa uzi.

Ukitaka kuona haya yote kwa macho, hatua inayofuata ni osiloskopu ya USB. Kwa mfano Hantek 6022BE, yenye njia mbili, bei yake inakaribiana na ya simu janja ya bei nafuu, na kuna programu ya bure ya OpenHantek inayoiendesha. Ukiwa na njia mbili unaweza kuona wimbi la krenki na la kamshafti kwa wakati mmoja, na kujua kama cheni ya taimingi imeruka.

Halafu kuna shida ambazo hazihitaji laptopu hata kidogo. Gari likikupa P0301, silinda ya kwanza inakosa kuwaka. Badilishana koili ya kwanza na ya pili, futa msimbo, endesha. Ukirudi P0302, koili ndiyo mwenye dhambi. Ukibaki P0301, angalia plagi, injekta au kompresheni. Gharama: dakika kumi.

MAMBO YANAYOUA LAPTOPU, NA YANAYOKUUA WEWE

Sehemu hii isome mara mbili.

Waya wa koili ya moto hauguswi na kijisaketi chetu. Upande wa kwanza wa koili unaweza kupiga volti mia kadhaa, na upande wa plagi makumi ya maelfu. Injekta nayo, ikizimwa, hurusha mruko wa volti 60 hivi au zaidi. Kazi hizo zina vifaa vyake maalumu. Mabaunsa wetu wawili wa 1N4148 hawakuajiriwa kwa vita hivyo.

Klipu nyeusi ni ya negativu au bodi ya gari, siku zote. Imeungana na mwili wa umeme wa laptopu kupitia USB. Ukiiweka kwenye positivu, umeipa betri njia ya mkato kupitia laptopu yako. Moshi utakaoona hautakuwa wa injini.

Chomoa chaja. Fanya kazi kwa betri ya laptopu. Ukiacha chaja kwenye stima, unaunganisha gari na mfumo wa umeme wa nyumba, na wimbi lako litajaa kelele, kama si mabaya zaidi.

Waya na plagi za rangi ya manjano za mifuko ya hewa, usizipime kamwe. Mfuko ukilipuka usoni hauombi msamaha.

Na magari ya haibridi kama Aqua na Prius, waya nene za rangi ya chungwa si zako. Hizo hubeba volti zinazoua, na betri ya volti 12 ikitolewa haimaanishi ziko salama. Waachie waliofunzwa.

Mwisho, mkanda wa alteneta hauna huruma na mikono mirefu ya hudi wala mikufu.

HII NI KAZI

Niliacha diploma ya umeme mwaka wa pili karo ilipokwama. Maabara yetu ilikuwa na osiloskopu, lakini tulikuwa wengi kuzunguka meza moja na waliosimama nyuma waliona migongo ya wenzao. Nilikuja kuelewa kile chombo nikiwa nyumbani, kwa laptopu ya mtumba na Audacity niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kuhariri biti. Nalisema hili kwa sababu kuna wasomaji wengi walio katika hali hiyo, wanaodhani mlango ulifungwa na ufunguo ukatupwa mtoni.

Ufunguo upo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ina mitihani ya ufundi ya Gredi ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza. Aliyejifunzia kazi gerejini anaweza kupimwa kwa anachojua kufanya kwa mikono, akapata cheti kinachotambulika. Si lazima urudi kuketi darasani miaka miwili ndipo uitwe fundi.

Na nafasi sokoni ipo wazi. Gereji nyingi za jua kali zina watu hodari wa kufungua injini na kuirudisha macho yakiwa yamefungwa, lakini waya zikiwashinda hutafuta mtu wa umeme. Kuwa mtu huyo. Hauhitaji gereji. Unahitaji begi, laptopu, multimita, na heshima ya kuja kwa fundi mkubwa na kumwambia, "Mzee, niruhusu nipime kwanza, halafu wewe uamue." Ukimwokoa asinunue spea moja isiyohitajika mbele ya mteja, wiki ijayo atakupigia mwenyewe.

Mali yako kubwa itakuwa folda ya mawimbi mazuri. Kila gari zima unalokutana nalo, omba ruhusa, rekodi, andika jina la faili vizuri: aina ya gari, injini, baridi au moto, kasi ya injini. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kitu ambacho hakuna apu itakayokuuzia, yaani jinsi Probox, Fielder na Demio za Nairobi zinavyoonekana zikiwa na afya. Asiyejua uzima hawezi kuutambua ugonjwa.

Jihadhari pia usigeuke tapeli wa kisasa. Skrini yenye mawimbi inaweza kumtisha mteja kama vile mganga anavyotisha kwa mkoba. Ukimwonyesha wimbi, mwonyeshe na la gari zima, mwache alinganishe mwenyewe. Mtoto wa darasa la nne ataona mlima upi umepungua.

KAMA WEWE NDIYE MWENYE GARI

Huhitaji kununua hata rezista moja. Jifunze maswali matatu, uyaulize kwa upole kabla ya kutoa M-Pesa:

"Fundi, hii spea umeipima, ama ni kodi imeitaja?"

"Waya na plagi zake umeangalia?"

"Tukiiweka na shida irudi, tunafanya aje?"

Fundi mzuri atafurahi kwamba umeuliza. Atakuonyesha plagi, atakuonyesha namba, na siku hizi huenda akakuonyesha wimbi. Akianza kupandisha sauti na kukuambia wewe si makanika, chukua ufunguo wako.

Na wewe mwenye laptopu chini ya kitanda, Luthuli hufunguliwa mapema Jumamosi. Beba orodha.